Biashara ya Kuuza Uongozi

Kila zama ina bidhaa yake. Babu zetu waliuza pembe, chumvi na majembe. Baba zetu waliuza kahawa, mkonge na nguvu za mikono yao. Zama zetu zimepata bidhaa isiyo na uzito wala harufu, isiyopimwa kwa pishi wala kwa ratili, na ambayo muuzaji akiisha kuiuza hubaki nayo nzima kama ilivyokuwa. Bidhaa hiyo ni uongozi. Wapo watu katika Nairobi leo, kama walivyo katika London na New York, ambao riziki yao ni kuwafundisha wenzao namna ya kuongoza, na kuandika vitabu juu ya namna ya kufaulu katika biashara. Huitwa washauri wa uongozi. Nia yangu ni kuisema kazi hii kama niionavyo, pasipo kumtukana mtu na pasipo kumcha mtu.

Mwendo wa kazi yenyewe si siri. Kwanza mtu huajiriwa katika benki, au katika bima, au katika kampuni ya simu, akapanda ngazi mbili tatu. Kisha huaga ajira na kuandika kitabu chembamba chenye sura yake juu ya jalada, mikono imekunjwa kifuani na meno yote yanaonekana. Kitabu humfungulia mlango wa ukumbi wa hoteli. Ukumbi humfungulia mlango wa kampuni. Kampuni humwita awafunde mameneja wake kwa siku mbili, ikamlipa vizuri, na mameneja wakarudi makwao na vyeti. Baadaye huandika kitabu cha pili kuwaeleza watu jinsi alivyofaulu. Na ukikuchunguza huko kufaulu, aghalabu utaona kuwa ni kule kukiuza kitabu cha kwanza.

Ningalinyamaza kama biashara hii ingalikaa huko mahotelini, ambako mwenye fedha humlipa mwenye maneno na wote wawili wakaridhika. Mtu mzima ana haki ya kununua upepo akiupenda. Lakini biashara hii imevuka reli, imeteremka mpaka Kibera, imeingia katika kijiji cha Gatwekera, na huko wanunuzi wake ni vijana wasio na akiba ya siku mbili. Hiyo ndiyo sababu iliyonifanya nishike kalamu.

Siku moja nilialikwa na vijana wa kijiji hicho kusikiliza mshauri aliyetoka mjini. Ukumbi ulikuwa wa mabati, umejaa hata waliochelewa wakasimama madirishani. Kila mmoja alikuwa amelipa kiingilio, na mezani palikuwa na rundo la vitabu vya kuuzwa. Msemaji alikuwa hodari. Alipanda na kushuka, alichekesha, alinong'ona, alipaza sauti, akawafanya vijana wasimame na kutamka kwa pamoja kwamba wao ni viongozi. Mwisho alikaribisha maswali. Akasimama binti mmoja, umri wake kama miaka 20, akasema: "Mwalimu, mimi nauza maandazi. Huamka saa tisa za usiku nipate maji kabla foleni haijawa ndefu. Wiki iliyopita maji yalikatika siku nne, bei ya mtungi ikapanda, nikaula mtaji wangu. Sasa mtu kama mimi ataanzia wapi kuongoza?"

Msemaji akatabasamu, akamjibu: "Dada yangu, umaskini wako hauko mtungini. Uko kichwani mwako. Badili fikira zako, na mengine yote yatakufuata."

Watu wakapiga makofi. Binti akaketi, akainamisha uso. Nilimtazama nikaona kuwa ameona haya, kana kwamba kukatika kwa maji ni dhambi aliyoitenda yeye. Alikuja na shida moja, akaondoka nazo mbili: maji hana, na sasa ameambiwa kuwa kosa ni lake.

Nasema kuwa jibu lile lilikuwa la uongo, na uongo wenyewe ni wa kudhuru. Sisemi hivyo kwa hasira tu; nasema kwa kuwa umaskini wa Gatwekera una tarehe zake na una sababu zake, na zote hazikuanzia katika kichwa cha muuza maandazi.

Kibera ilianza kuwa makao ya askari Wanubi wa jeshi la King's African Rifles, waliopewa nafasi msituni pembeni mwa Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Jina lenyewe latokana na neno la Kinubi lenye maana ya msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni iliitenga ardhi hiyo rasmi kwa ajili ya jeshi, lakini waliokaa juu yake haikuwapa hati. Baada ya Uhuru wa mwaka 1963 watu wakamiminika kutoka mashambani kutafuta kazi, wakapanga vyumba vya udongo na mabati. Ardhi ikabaki mali ya serikali, na mkaaji akabaki mpangaji asiye na karatasi. Maadamu hakuwa na karatasi, mji ulimhesabu kuwa hayupo. Bomba la maji, mtaro wa maji machafu na barabara vikapita kando yake kwa miaka mingi. Matokeo yake ni jambo la kushangaza: mtu wa Gatwekera anunuaye maji kwa mtungi hulipia kila lita zaidi ya tajiri wa Karen aliye na bomba bustanini mwake. Je, ni fikira za nani zilizopaswa kubadilika hapo? Ni za binti aamkaye saa tisa za usiku, au ni za waliochora ramani ya mji wakaliruka jina la kijiji chake?

Hata hesabu ya watu wa Kibera hutiwa chumvi na wale waijiao kwa maneno. Kwa muda mrefu ilisemwa kila mahali kwamba wakazi wake ni milioni moja na zaidi. Sensa ya mwaka 2009 ikahesabu watu 170,070. Mwenye kuuza huruma na mwenye kuuza matumaini wote wawili hupenda tarakimu kubwa, kwa maana bidhaa zao huonekana ndogo zikiwekwa mbele ya mtu mmoja mwenye swali moja.

Ni haki sasa tuitazame asili ya biashara hii, tusije tukaihukumu bila kuijua. Mwaka 1859 Mskoti Samuel Smiles alitoa kitabu alichokiita Self-Help, akawasifu watu walioinuka kwa bidii na kwa kuweka akiba. Hakuna ubaya katika kusifu bidii. Mwaka 1912 Dale Carnegie, Mmarekani, alianza kufundisha watu kusema mbele ya hadhara katika nyumba ya YMCA mjini New York, na mwaka 1936 akatoa kitabu cha namna ya kupata marafiki na kuwavuta watu. Mwaka uliofuata, 1937, Napoleon Hill akatoa kitabu chake kiitwacho Think and Grow Rich, ambacho jina lake lamwahidi msomaji kuwa atafikiri kisha atatajirika. Vitabu hivi viwili bado vinauzwa kandokando ya njia za Nairobi, vimepangwa chini juu ya turubali.

Naomba msomaji aitazame miaka ile. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi, ambapo mamilioni ya Wamarekani walikuwa hawana kazi. Watu hao hawakuachishwa kazi kwa sababu fikira zao ziliharibika zote kwa usiku mmoja. Mabenki yalikuwa yameanguka na viwanda vilikuwa vimefungwa. Lakini mtu aliyekosa kazi huwa tayari kusikia kwamba ufunguo uko mfukoni mwake, kwa kuwa habari hiyo ni tamu kuliko ile ya kwamba mlango umefungwa na mwingine kwa nje. Biashara ya kuuza uongozi ilipata nguvu katika njaa, na mpaka leo husitawi mahali penye njaa. Ndiyo maana imeipenda Gatwekera.

Baadaye wakaja waandishi wa biashara wenye elimu kubwa zaidi. Mwaka 1982 Tom Peters na Robert Waterman, waliokuwa washauri wa kampuni ya McKinsey, walitoa kitabu cha kuzisifu kampuni zilizokuwa bora Marekani na kueleza siri za ubora wao. Haikupita miaka mitatu, jarida la BusinessWeek likaonyesha kuwa kampuni kadhaa kati ya zile zilikuwa zimekwisha kuyumba. Mwaka 2001 Jim Collins akatoa kitabu cha namna hiyo: alichagua kampuni 11 kati ya 1,435 alizozipitia, akazitoa ziwe kielelezo cha kupanda kutoka wema hadi ukuu. Moja ya hizo 11, Circuit City, ilifilisika mwaka 2008. Nyingine, Fannie Mae, ilibidi ichukuliwe na serikali mwaka huohuo isianguke na kuangusha wengine.

Siwacheki waandishi hao, kwa kuwa walifanya kazi kwa juhudi. Nataka tu kijana aone ufa ulio katika njia yao. Mfano wake ni mtu aendaye pwani jioni, akawauliza wavuvi waliorudi salama waliamka saa ngapi, walikula nini, na waliimba wimbo gani walipotweka tanga. Akiisha kuandika majibu yao, huwauzia vijana akisema: fanyeni hivi nanyi mtarudi na samaki. Lakini waliozama nao waliamka saa ileile, walikula chakula kilekile, na waliimba wimbo uleule. Hakuna aliyewauliza, kwa sababu waliozama hawaandiki vitabu. Somo lililochukuliwa kwa waliobahatika peke yao ni nusu ya somo, na nusu ya ramani ikiwa mkononi mwa mtu anayeiamini kuwa ni nzima, humpoteza zaidi ya kukosa ramani.

Huenda mtu akaniuliza: ikiwa uongozi hauuzwi ukumbini, wapatikana wapi? Sihitaji kwenda mbali kumjibu. Nitatoa mifano miwili ya Kibera palepale.

Mwaka 2000 kijana Mmarekani, Rye Barcott, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha North Carolina, alikuja Kibera kuwachunguza vijana na maisha yao. Kabla hajaondoka, mama mmoja mjane, Tabitha Festo, muuguzi aliyekuwa amepoteza kazi, alimwomba dola 26 ili aanzishe biashara ya kuuza mboga. Akapewa. Barcott aliporudi mwaka uliofuata alikuta kwamba mama huyu ameuza mboga, amepata faida, na kwa faida hiyo amefungua zahanati ndani ya chumba chake mwenyewe, akiwatibu majirani. Hakuna ukumbi uliomfunda. Hakuna mshauri aliyemwambia kuwa yeye ni kiongozi. Aliona majirani zake wanaumwa, naye alikuwa na ujuzi wa uuguzi na faida ya mboga, akavitoa vyote viwili. Alifariki mwaka 2004. Zahanati yenye jina lake haikufa pamoja naye. Ilikua, ikawa jengo kubwa, na imekuwa ikiwatibu watu wa Gatwekera na Soweto kwa maelfu. Kutokana na juhudi zake, na za Salim Mohamed, na za Barcott mwenyewe, likazaliwa shirika la Carolina for Kibera mwaka 2001.

Barcott alikuwa ofisa wa wanamaji wa Marekani, akasoma biashara Harvard, na mwaka 2011 akatoa kitabu juu ya safari yake. Nalitaja hili kwa heshima, kwa kuwa hakujificha nyuma ya sifa ya mwenzake, alimtaja. Lakini tazama jinsi dunia ipangavyo vitu: aliyeandika yumo katika maktaba, na aliyetenda yumo katika kumbukumbu za wagonjwa. Kijana akiulizwa ni yupi kati ya hao wawili ni kiongozi, asiseme upesi kuwa ni yule mwenye kitabu.

Mfano wa pili ni Kennedy Odede. Huyu alikulia Kibera katika dhiki, akaonja maisha ya barabarani akiwa mtoto, akafanya kibarua kiwandani kwa ujira mdogo. Mwaka 2004 alinunua mpira kwa senti 20 za Kimarekani, akawakusanya vijana wenzake wakacheza, na baada ya kucheza wakazungumza juu ya taabu za mtaa wao na nini wao wenyewe wangeweza kufanya. Hilo ndilo lililokuwa chimbuko la shirika la Shining Hope for Communities, ambalo watu hulifupisha SHOFCO. Baadaye alipata nafasi ya kusoma bure katika Chuo Kikuu cha Wesleyan, Marekani, akahitimu mwaka 2012. Mwaka 2009, pamoja na Jessica Posner, alifungua shule ya wasichana wa Kibera, na shule hiyo iko Gatwekera. Haidai karo, wazazi hutoa kazi zao. Shirika likaweka pia mabomba ya maji yanayopita juu ya mapaa, kwa kuwa bomba lililo chini huvuja, huingiwa na uchafu na hukatwa na wenye kufaidi foleni ya mitungi. Mwaka 2018 shirika lilipewa tuzo ya Hilton, dola milioni 2.

Nitasema wazi kwamba Odede naye ni mwandishi na msemaji wa majukwaa makubwa ya dunia. Kitabu chake, alichokiandika pamoja na Jessica Posner, kilitoka mwaka 2015. Basi je, nimejipinga mwenyewe? La. Angalia mfuatano wa miaka: mpira ni wa 2004, shule ni ya 2009, kitabu ni cha 2015. Tendo lilitangulia neno kwa miaka 11. Wala simwinui awe malaika. Shirika linaloishi kwa fedha za wafadhili wa mbali lina maswali yake, na wenyeji wana haki ya kuyauliza kila mwaka. Ila ukienda Gatwekera ukamuuliza mtoto uongozi wa mtu huyu uko wapi, ataweza kukuonyesha kwa kidole: ile shule, lile bomba. Uongozi usioweza kuonyeshwa kwa kidole hubaki kuwa kelele.

Na tutazame yale mabomba ya juu kwa mara ya pili. Binti wa maandazi aliambiwa kuwa shida yake iko kichwani. Wengine walioishi penye shida hiyohiyo walisema kuwa shida iko ardhini, katika bomba linalokatwa, wakalitoa bomba ardhini wakalipandisha juu. Majibu haya mawili hayawezi kuwa ya kweli yote mawili.

Najua nitakavyojibiwa. Jibu la kwanza ni kuwa nina wivu, kwa maana kila mfanyakazi astahili ujira wake. Daktari hulipwa, mwalimu hulipwa, kwa nini mshauri asilipwe? Najibu kwamba silaumu ujira. Daktari akikutibu usipone, utajua. Mwalimu akikufundisha hesabu usijue, mtihani utasema. Lakini mshauri wa uongozi akikufundisha usifanikiwe, husema kuwa hukuamini vya kutosha. Kazi ambayo mafanikio yote ni ya mwalimu na makosa yote ni ya mwanafunzi si elimu. Ni uganga, na mganga wa namna hiyo babu zetu walimjua.

Jibu la pili ni kuwa vijana wanahitaji matumaini, na mimi nayavunja. Najibu kwamba kuna matumaini ya namna mbili. Yapo matumaini ya mtu aliyeonyeshwa njia, na yapo matumaini ya mtu aliyepewa tembo akalewa. Ya pili huisha asubuhi, na asubuhi ya Gatwekera huja mapema, vibarua wakifuata njia ya reli kwa miguu kwenda kutafuta kazi katika eneo la viwanda. Mtu hawezi kutembea njia ile kila siku kwa nguvu ya makofi ya Jumamosi.

Jibu la tatu lina uzito zaidi, nami nalipokea. Wapo washauri waaminifu. Kijana afundishwaye kutunza daftari la mapato na matumizi, kuendesha mkutano pasipo ugomvi, kuandika barua kwa ofisi ya kaunti, au kugawana madaraka katika chama cha akina mama ili mweka hazina asiwe ndiye mkaguzi, huyo amepewa kitu cha kweli. Mshauri afundishaye hayo hana ugomvi nami. Alipwe, na aongezewe. Lakini aghalabu hao hawana sura zao juu ya mabango. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Tena tusidhani kuwa kusema vizuri ni jambo lisilo na hatari. Uchaguzi wa Desemba 1997 na wa 2002 ulikuwa na wasemaji wake, na wa Desemba 2007 ulikuwa na wasemaji hodari kupita wote. Uchaguzi ule wa 2007 ulipogombaniwa, watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini, na hapo Kibera vijana waliing'oa reli kwa mikono yao. Nguvu iliyong'oa chuma kile ilikuwa ya vijana wale wale ambao leo husimamishwa ukumbini na kufundishwa kutamka kuwa wao ni viongozi. Kuusisimua umati ni ufundi, na ufundi huo hauchagui kati ya jema na baya. Mtu akijifunza jinsi ya kuwavuta watu, na asijifunze anawavuta kwenda wapi na kwa faida ya nani, amekabidhiwa kisu bila ala.

Nchi yetu imekwisha kusema uongozi ni nini, nasi hatuna haja ya kuununua maana yake kwa tikiti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ina sura nzima, ya sita, juu ya uongozi na maadili. Yasema kuwa madaraka apewayo ofisa wa serikali ni amana ya umma, na kwamba humpa wajibu wa kuwatumikia watu, si uwezo wa kuwatawala. Miaka mingi kabla yake, majirani zetu wa Tanzania katika Azimio la Arusha la mwaka 1967 walimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, na kupangisha nyumba. Twaweza kubishana kama masharti yale yalikuwa makali mno, na kama yalishikwa. Lakini hakuna atakayesoma Azimio lile akadhani kuwa uongozi ni njia ya kutajirika. Vitabu vya siku hizi huviweka vitu viwili hivyo katika jalada moja, uongozi na utajiri, kana kwamba ni mapacha.

Hata ndani ya biashara hii yenyewe alikuwapo mzee mmoja aliyeijua haki. Robert Greenleaf, Mmarekani, alifanya kazi kwa miaka mingi katika kampuni ya simu ya AT&T, akawa mshauri alipostaafu, na mwaka 1970 akaandika kwamba kiongozi wa kweli huanza kwa kuwa mtumishi. Kipimo alichokitoa ni hiki: je, wale wanaoongozwa wanakua kama watu? Na je, yule aliye chini kabisa katika jamii anafaidika, au walau haongezewi hasara? Mimi sitaki zaidi ya hapo. Wauzaji wa uongozi na wapimwe kwa ratili ya mzee wao.

Basi, enyi vijana msomao, ninyi wa Gatwekera, wa Kianda, wa Kawangware, na ninyi wa mbali msioijua hata harufu ya vijiji hivi, siwakatazi kusoma vitabu vya biashara wala kusikiliza wasemaji. Someni, lakini mkiwa na maswali matatu mkononi. La kwanza: huyu anifundishaye kuongoza, ameongoza nani, na watu hao wako wapi leo nikawaulize? La pili: nikishindwa, je, mafundisho yake yana mahali popote panapokubali kuwa kosa laweza kuwa lake, au la bei, au la sheria, au la bomba? La tatu: nikiisha kutoa kiingilio, ni jambo gani nitakaloweza kulifanya kesho ambalo jana sikuliweza? Msemaji atakayejibu yote matatu, mfuateni, na mlipeni. Atakayewajibu kwa tabasamu, mwacheni aende na tabasamu lake, nanyi mbaki na shilingi zenu.

Na yule binti muuza maandazi, nami nimjibu, kwa kuwa swali lake halikujibiwa. Dada, uongozi wako ulianza pale uliposimama mbele ya umati ukaitaja shida ya wengi kwa ukweli, wakati wote walipokuwa wakipiga makofi. Nenda kwa majirani mnaopanga nao foleni saa tisa za usiku. Ulizaneni mtungi ni bei gani, nani hupanga bei hiyo, na ofisi ipi yenye wajibu wa bomba. Andikeni majibu. Pelekeni barua mkiwa wengi, na msipojibiwa pelekeni nyingine. Hamtapata cheti kwa kazi hiyo, wala hakuna atakayewapigia makofi. Lakini siku maji yatakapotoka, kila mmoja atayachota, hata yule aliyekucheka.